Akili mnemba na biashara yako: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara kuweka hesabu zao sawa: maduka ya jumla na rejareja, karakana, famasi, wenye mabasi mawili matatu. Zamani waliniuliza kuhusu kodi na mikopo. Siku hizi, kabla chai haijapoa, swali ni akili mnemba. Haya hapa ni yale yanayorudi mara nyingi, na majibu ni yaleyale ninayowapa ana kwa ana.

Akili mnemba, akili bandia, akili unde: ni vitu vitatu au kimoja?

Kimoja. Tanzania tumezoea akili mnemba, magazeti ya Kenya hupenda akili unde, na wengi pande zote husema akili bandia.

Ni programu inayojifunza kwa mifano. Programu ya kawaida ya dukani huandikiwa kila kanuni: bei mara idadi, jumlisha kodi, toa risiti. Hii nyingine huonyeshwa mifano kwa maelfu na mamilioni mpaka inaushika mpangilio yenyewe. Programu ya simu iitwayo Nuru, kazi ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA, ilifundishwa kwa picha za majani ya muhogo, mazima na yenye magonjwa kama batobato. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, nayo inamtajia ugonjwa, hata mahali pasipo na intaneti.

Zile za kuandikiana nazo, kama ChatGPT, Gemini na Claude, zimejifunza kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kubashiri neno linalofuata. Likumbuke hilo la kubashiri, maana matatizo mengi ya huko mbele yanaanzia hapo.

Mbona imevamia dunia ghafla hivi?

Si ghafla. Jina lenyewe kwa Kiingereza lilitumika kwenye mkutano wa wanasayansi katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Miongo iliyofuata ilikuwa ya matumaini na kukata tamaa kwa zamu. Mwaka 2012 programu za kutambua picha zikapiga hatua kubwa. Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha mbinu mpya ya kuchambua lugha, na karibu kila programu ya mazungumzo tunayoitumia leo imejengwa juu yake. Kisha tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ikaifungua ChatGPT kwa kila mwenye intaneti. Kufikia Oktoba 2025 kampuni hiyo ilikuwa ikitaja watumiaji milioni 800 kwa wiki.

Lakini kwa mfanyabiashara, habari kubwa kuliko idadi ya watumiaji ni bei. Ripoti ya AI Index ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba kazi ya kiwango cha ChatGPT ya mwanzo, iliyogharimu dola 20 kwa vipande milioni moja vya maandishi (kipande ni neno au sehemu ya neno) mnamo Novemba 2022, ilishuka hadi senti 7 za dola kufikia Oktoba 2024. Januari 2025 kampuni ya DeepSeek ya China ikatoa modeli yake ya R1, yaani programu iliyokwisha kufundishwa, na kuiacha wazi, yeyote aichukue na kuitumia. Kitu kikishuka bei namna hiyo, anacho jirani yako, anacho mshindani wako wa ng'ambo ya barabara, na anacho kijana aliyefungua duka jana kwenye Instagram.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, nao utauona katika majibu yote: chombo ni cha wote, kwa hiyo chombo peke yake hakikupi chochote cha kukutofautisha. Kinachokutofautisha ni kile unachokijua wewe tu kuhusu wateja wako na mzigo wako, kama umekiandika.

Ni kampuni ngapi zinaitumia kweli?

Ripoti hiyohiyo ya Stanford ilisema asilimia 78 ya mashirika yaliyohojiwa yalitumia akili mnemba mwaka 2024, kutoka asilimia 55 mwaka uliotangulia. Usitishwe na hesabu hiyo. Kutumia hapo ni pamoja na idara moja kuandika barua pepe kwa msaada wa programu. Kampuni zilizobadilisha namna zinavyofanya kazi kutoka mlangoni hadi stoo ni chache zaidi.

Na sisi huku hatukuanza juzi. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, watu walipewa au kunyimwa mkopo kwa hesabu za kompyuta zilizopima historia yao ya simu na M-Pesa, bila kukaa mbele ya afisa mikopo. Kila aliyewahi kuona kikomo chake cha mkopo kikipanda au kushuka bila kuelezwa sababu ameshaonja maisha ya kupimwa na mashine.

Duka langu ni dogo. Hii si ya makampuni makubwa?

Swali hili napenda kulijibu taratibu, kwa sababu nadhani mdogo ana la kupata kuliko anavyodhani.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia wahudumu wa wateja 5,179 wa kampuni ya programu, waliopewa msaidizi wa akili mnemba anayependekeza majibu. Kwa wastani, matatizo waliyotatua kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14. Wageni kazini waliongezeka kwa asilimia 34, ilhali wazoefu karibu hawakubadilika. Sababu ni kwamba programu ilikuwa imejifunza kutoka kwa mazungumzo ya wale wazoefu, na sasa inamnong'oneza mgeni maarifa yao. Lisome kwa jicho la mwenye duka: kama kuna mahali ujuzi wa mtu wako bora umeandikwa, msaidizi wako mpya anaweza kuufikia. Kama ujuzi huo uko kichwani mwa shangazi aliyesafiri kwenda Tanga, hakuna programu itakayoufikia.

Niliwahi kuketi na mama mmoja muuza vitenge. Anatoa mali kauli kwa wanawake wanaozungusha mitaani, na kila kitu kiko kwenye daftari la mistari: nani kachukua doti ngapi, lini, kalipa kiasi gani. Tuliwapa wateja namba badala ya majina, tukapiga picha kurasa za miezi sita, tukaiomba programu ipange jedwali. Ilichukua jioni moja. Ikaonekana kwamba wateja wanne walikuwa wameshikilia zaidi ya nusu ya deni lote, na kwamba mmoja kati ya hao alikuwa mlipaji mzuri kabisa, ila hulipa mwisho wa mwezi, wakati mama alikuwa akimfokea kila tarehe 15. Ikaonekana pia kuna rangi anazoagiza kwa mazoea ambazo hukaa rafuni miezi.

Kuna jambo lingine lilitokea jioni ile. Programu ilisoma 7 ya mkono wa mama kama 1, mara tatu. Tuliligundua kwa sababu tulijumlisha wenyewe kurasa mbili na jumla zikakataa. Tusingejumlisha, mtu angesamehewa deni ambalo hakuomba kusamehewa.

Mengine ambayo mdogo anaweza kuyafanya wiki hii: kuandika profoma na barua ya zabuni inayosomeka vizuri, kuelewana na msambazaji wa Guangzhou kwa Kichina, kuandika maelezo ya bidhaa, na kupanga maswali ya WhatsApp ili ujue ni yapi matano yanayoulizwa kila siku. Hayo matano yaandikie majibu wewe mwenyewe. Wateja wako wanaijua sauti yako.

Basi nianzie wapi?

Kwenye daftari. Mwezi mmoja, andika kila mauzo, kila deni, kila mteja aliyeulizia kitu usichokuwa nacho akaondoka. Hilo la mwisho hakuna anayeliandika, nami nalihesabu kuwa la thamani kuliko yote. Mwezi wa pili ndio ufungue programu.

Inajua Kiswahili?

Inajua, na kila mwaka inajua zaidi, lakini bado inakijua kama mtu aliyejifunza kwa vitabu vichache. Sehemu kubwa ya maandishi iliyojifunzia ni ya Kiingereza. Ngeli huikwaza pale sentensi inaporefuka. Kiswahili cha Lubumbashi au Goma, na Sheng ya Nairobi, huipoteza njia. Kuna pia gharama isiyoonekana: programu hizi hukata maandishi vipandevipande na kutoza kwa idadi ya vipande, na maneno yetu marefu yenye viambishi hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza. Maana ileile, bei kubwa zaidi. Mimi naona hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyeipanga.

Kosa la kuangalia zaidi kwenye biashara ni saa. Mteja akiandika "nileteeni saa nane mchana", programu iliyozoea saa za Kiingereza inaweza kuweka oda hiyo saa mbili usiku. Kama ni chakula, kinapikwa, kinapoa, mteja amekasirika, na dereva kachoma mafuta bure. Kama unatumia programu yoyote kupokea oda, ijaribu kwa saa za Kiswahili kabla ya kitu kingine. Iandikie saa moja asubuhi, saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri, uone inavyozitafsiri.

Wapo wanaolifanyia kazi. Jacaranda Health ya Kenya, inayowajibu kina mama wajawazito kwa ujumbe wa simu, ilitengeneza modeli ya Kiswahili iitwayo UlizaLlama. Watafiti wa Kiafrika wa mtandao wa Masakhane wamekuwa wakikusanya na kupima lugha zetu, na mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za wasemaji wa Kiswahili waliojitolea. Ukiwa na dakika kumi za kusoma sentensi kwenye simu, wape.

Ikimwambia mteja uongo, nani analipa?

Wewe.

Nchini Canada abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliiuliza programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa. Ikamjibu kwamba anaweza kukata tiketi sasa na kuomba punguzo ndani ya siku 90. Haikuwa kweli, sera ya shirika haikuruhusu kuomba baada ya safari. Aliponyimwa, akaenda kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia. Shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ni chombo kinachojitegemea chenye kuwajibika kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likakataa utetezi huo na kuamuru alipwe. Fedha zenyewe hazikufika dola elfu moja za Canada, lakini uamuzi ule umesomwa na wanasheria dunia nzima.

Miezi minane kabla ya hapo, Juni 2023, mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Majina ya kesi, namba, nukuu za majaji, vyote havikuwahi kuwepo. Programu ilibashiri kesi ingefananaje, ikaiandika kwa ufasaha. Ufasaha wake ndio unaoponza watu. Karani asiyejua hujikanyaga na utamshtukia. Hii hukosea kwa sauti ileile inayopatia. Bei, kipimo cha dawa, kiwango cha kodi, tarehe ya mwisho ya TRA au KRA: hayo yasitoke dukani kwako kabla ya binadamu kuyaangalia.

Naweza kuiwekea orodha ya wateja wangu?

Bila majina, namba za simu wala namba za vitambulisho, sawa. Nazo, hapana, isipokuwa una mkataba unaosema taarifa zinakaa wapi na hazitatumika kufundishia.

Mwaka 2023 Samsung ilipiga marufuku matumizi ya programu hizi kwa wafanyakazi wake baada ya baadhi yao kubandika humo siri za kampuni. Hao ni wahandisi, watu wa fani yenyewe. Sembuse msaidizi wako anayetaka kumaliza kazi mapema Ijumaa.

Sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna anayeisimamia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili. Ukihudumia wateja walioko Ulaya, tazama pia sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya. Ilianza kutambulika kisheria tarehe 1 Agosti 2024, inaingia kwa awamu, na kwa matumizi yaliyokatazwa kabisa faini yake inaweza kufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni.

Ni kweli matapeli wanaiga sauti ya mtu?

Ni kweli, na sura pia. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup aliingia kwenye mkutano wa video, akawaona mkuu wake wa fedha na wenzake, akatuma kiasi cha dola za Hong Kong milioni 200, ambazo ni kama dola milioni 25 za Marekani. Watu wote aliowaona walikuwa wa kughushi.

Sisi tumelelewa na "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo tunadhani tumeshajanjaruka. Ujumbe ule tulizoea kuutambua kwa sababu hatukuijua sauti nyuma yake. Sasa sauti itakuwa ya mumeo, ya bosi wako, ya mwanao aliyeko Muscat. Kubalianeni leo: hakuna malipo yanayobadilishwa namba kwa simu iliyopigwa kwenu. Unakata, unapiga wewe kwenye namba uliyoihifadhi zamani, na juu ya kiasi fulani wanathibitisha watu wawili. Neno la siri la familia nalo linasaidia. Lisiwe jina la mtoto wala la kijiji, maana hayo yako Facebook.

Nitawafukuza watu kazi?

Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na akili mnemba: kama asilimia 60 katika nchi tajiri, na 26 katika nchi maskini. Kuguswa si kufutwa. Lakini namba ile ya chini kwetu isitufariji sana, kwa sababu sehemu yake inatokana na jembe na nguvu za mikono, na pia inamaanisha faida itatuchelewa.

Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza Februari 2024 kwamba msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake alisema wanaajiri tena watu ili mteja akitaka binadamu ampate. Mimi huwashauri wateja wangu wapitie njia fupi zaidi: mpe chombo msichana wa kaunta unayemwamini, mwone baada ya miezi mitatu anafanya nini kwa muda aliookoa. Mara nyingi atakuwa anawapigia wateja waliopotea.

Na kuna watu ambao maumivu yao yako ndani ya chombo chenyewe. Mwanzoni mwa 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Wengine walieleza kuumia rohoni. Kila nikisikia chombo hiki kinaitwa cha ajabu nawakumbuka wao. Waliokisafisha wanazungumza lugha yetu.

Gharama ni kiasi gani?

Kuanza ni bando tu, kwa sababu karibu zote zina ngazi ya bure. Za kulipia hutofautiana bei (ChatGPT Plus, kwa mfano, mwaka 2025 ilikuwa kama dola 20 kwa mwezi), na mara nyingi ni kwa kadi na kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi ikiyumba bei yako inapanda bila tangazo. Usilipie kabla ya kuitumia ya bure mpaka ikakushinda.

Wanasema ni povu litakalopasuka. Nisubiri?

Hisa zinaweza kuanguka. Tarehe 27 Januari 2025, habari za DeepSeek ziliposambaa, Nvidia inayouza chipu za kazi hii ilipoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Hilo ni la wenye hisa. Madeni yako ya mali kauli yatapangika vilevile hata kama Wall Street inalia.

Kuna kijana ameniletea "mfumo wa akili mnemba" wa milioni kadhaa. Ninunue?

Usinunue kwa maonyesho yake. Maonyesho hutumia taarifa alizozipanga yeye. Mpe kurasa zako za mwezi uliopita, majina yakiwa yamefichwa, pamoja na jumbe hamsini halisi za wateja zenye makosa yao ya tahajia, saa za Kiswahili na "boss niwekee kimoja nakuja". Kaa naye mezani mfumo ukizijibu. Hesabu ngapi zimepatia.

Halafu muulize: taarifa zangu zinakaa kwenye kompyuta ya nani, nchi gani? Nikiacha kulipa, naondoka na rekodi zangu kwa muundo gani? Umeme ukikatika au intaneti ikilala, duka linauza vipi? Umemtoza nani mwingine, na naweza kumpigia leo? Je, hiki unachoniuzia si ChatGPT iliyovishwa nembo yako? Ikiwa ndiyo, si kosa, lakini bei ishuke.

Akijibu yote vizuri, lipia miezi mitatu, si mwaka, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa kando kwa miezi hiyo yote.